Siku Thelathini za Bwana Meya

Benchi la Mama Émérance liko Rugenge, kando ya barabara, chini ya ukuta wa shule ya msingi, na lina miguu mitano. Mguu mmoja ulipoanza kuoza walipigilia mwingine ubavuni mwake, na ule uliooza ukakataa kuanguka mpaka leo. Kila siku ya Mungu, jua likichungulia tu kutoka upande wa Burundi, Mama Émérance anafika na jiko lake la makaa, birika mbili, vikombe vidogo kumi na tangawizi iliyopondwa, na kabla makaa hayajashika vizuri wenye benchi wameshaketi. Kuna Octave, mpakizi wa mizigo bandarini Kalundu, anayeitwa Radio kwa sababu hakuna habari ya mji huu isiyopita mdomoni mwake. Kuna Gracien, fundi cherehani, aliyekwenda Kinshasa mara moja tu, siku kumi na sita, kwenye harusi ya binamu yake, na tangu arudi kila jambo analieleza kwa mambo ya huko. Basi na yeye akaitwa Kinshasa. Kuna Damien, yaani Pasta, aliyehubiri katika makanisa matatu na kugombana na yote matatu. Na mwisho wa benchi, penye kivuli cha mwavuli, yuko Gédéon, mwandishi wa barua wa mtaa. Ana meza, kompyuta yenye herufi tatu zilizofutika, na printa anayoifunika kwa kitenge vumbi lisiingie. Zamani alipiga chapa kwa mashine ya chuma, na jina la Mashini halijamtoka.

Jambo lililowakaa watu kooni wiki zile lilikuwa la Meya. Papa Bonaventure, au Mere kama anavyoitwa hapa, alikuwa ofisini mwaka wa kumi na moja. Jumamosi moja, salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, ya kuzibua mitaro ilipokwisha, watu wote wakiwa bado na majembe mikononi na matope miguuni, alipanda juu ya jiwe akasema ameandika barua ya kuacha kazi. Watu walicheka. Walidhani ni utani wa kuwaaga. Mtu wa leta, yaani wa serikali, hufukuzwa, huhamishwa, au hufia kitini; kuondoka mwenyewe, kwa miguu yake na kwa kalamu yake, hilo hapa halijapata kuonekana. Aliposhuka jiweni bila kucheka, ndipo walipoanza kutazamana.

Alhamisi moja, wiki ya tatu tangu siku ile, Radio alikuja mbio mbio, shati nusu ndani nusu nje.

— Ilijibiwa, akasema kabla hajakaa. Barua ya Mere ilijibiwa.

— Ikala kwanza, upumue, Mama Émérance akamwambia. Nani alikuambia?

— Shemeji yangu, ule planto wa ku buro ya Mere. Njo yeye anapokeaka makaratasi yote. Ilifika jana magaribi.

— Kiisha akafungua barua ya Mere?

— Hakufungua. Ilikuwa wazi kidogo.

Pasta alikohoa. Kinshasa akasogea kumpa Radio nafasi, jambo analolifanya kwa nadra sana.

— Na inasema nini?

— Inasema kongé. Siku makumi tatu. Kiisha arudi ku kazi.

Kongé, yaani likizo, kila mtu anaijua. Mwalimu huomba akijifungua, karani huomba akifiwa. Lakini mtu aseme anaondoka, na wakubwa wamjibu kwamba apumzike kidogo halafu arudi, hiyo ilikuwa hesabu ya kigeni.

— Umesikia mubaya, akasema Pasta.

— Nilisikia muzuri. Na muhuri iko. Mbili.

Gédéon alikuwa amenyanyua kikombe. Hakukinywa, wala hakukirudisha chini. Yeye peke yake kwenye benchi lile alijua nani alipiga chapa barua ya Meya.

— Mere aliisha iona? akauliza taratibu.

— Bado. Toka asubuhi Mere iko Kalundu, ku kilio ya mama moja wa samaki. Ataiona akirudi ku buro, saa nane hivi.

— Minye nitawaelezea, Kinshasa akasema, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine kama mtu wa televisheni. Ninyi hamujui siasa. Mu Kinshasa, muntu akipewa kongé, maana yake wanamutafutia kiti ya juu. Siku makumi tatu njo siku za kumupimia suti. Minye ni fundi, najua. Suti ya waziri inaomba kupimwa mara tatu.

— Waziri wa nini?

— Hiyo wataichagua kiisha kumaliza suti.

Gédéon alikwisha kuinuka. Alikaa mezani pake, akafungua kompyuta, akatafuta faili ya barua ya Meya. Aliipata. Barua za leta zina adabu yake: juu, upande wa kushoto, kuna mstari mmoja unaosema barua inahusu nini, na katika ofisi kubwa, karani akiwa na rundo la barua mbele yake na njaa tumboni, mstari huo ndio anaousoma, na mara nyingi ni huo tu. Gédéon aliusoma. Ulisema: maombi ya kongé.

Alifunga macho. Alipoyafungua, mstari ulikuwa pale pale.

Ilitokea hivi. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hajapata mtu hata mmoja aliyemwambia amwandikie barua ya kuacha cheo. Watu wanakuja kuomba: kazi, kiwanja, mchumba, cheti, huruma. Kompyuta yake imejaa barua za kuomba zilizokwisha kuwa tayari, inabaki kubadilisha jina na tarehe. Basi siku Meya alipokuja, Gédéon alifungua ile iliyokaribiana zaidi na jambo lenyewe, barua ya kuomba likizo, akafuta maneno ya katikati, akaandika mapya, mazuri kweli, yaliyopangika. Kichwa, yaani mstari ule wa juu, akakisahau. Sababu ya kukisahau ndiyo iliyokuwa inamuuma zaidi, kwa sababu haikuwa uzembe.

Meya alikuja adhuhuri, kwa miguu, bila dereva, saa ambayo benchi huwa tupu. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, magoti juu. Gédéon akamuuliza kwa nini hakumpa sekretari wake kazi hiyo.

— Sekretari akiandika, magaribi watu makumi mbili wako kwangu, wananiomba nibakie, alisema Meya. Na minye nitabakia. Iliisha fika mara mbili. Mara zote mbili nilirudia nyumbani na barua mu mufuko. Andika leo, Gédéon. Kesho sitaweza tena.

— Na sababu, Bwana Mere? Hapa tunatia sababu gani?

— Tia tu: nilichoka.

— Ile haiandikwake kwa leta. Tunasemaka sababu ya magonjwa.

— Siko mugonjwa.

Kisha Meya akatazama mikono yake, akasema lile ambalo Gédéon hakuwa amemwomba aseme.

— Zamani, nikifika ku kilio, nililiaka na watu. Mwaka ule wa mafuriko nilizika mpaka viatu vyangu vikaoza. Nililia vilio zote. Sasa hivi mama analia mutoto wake mbele yangu, na minye naangalia saa. Nahesabu vilio ngapi vinabakia siku ile. Wiki iliyopita ule mama aliniona. Aliniona naangalia saa, akanyamaza kulia, akaniambia: Mere, enda tu, iko kazi mingi. Sasa muntu kama ule abakie Mere kwa nini?

Gédéon aliandika maneno ya katikati akiwa haoni vizuri skrini kwa machozi, na kichwa cha barua hakukumbuka tena kukitazama. Alipochapisha, Meya alichukua kalamu akasaini pale pale.

— Soma kwanza, Bwana Mere.

— Weye uliisha soma. Inatosha.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa Gédéon wakati Radio, kule benchini, alikuwa ameshamnyang'anya Kinshasa zamu.

— Suti ya nini. Ni ziwa. Kwa nini maji inapanda kila mwaka? Inasukumwa na kitu. Wale watu wa kupima waliokuya na mutumbwi ya mota, walishusha kamba pale mbele ya Kalundu, minye niliwaona na hii macho. Walishusha, walishusha, kiisha wakanyamaza. Watu wakinyamaza ginsi ile, wamefika.

— Wamefika wapi?

— Ku meli ya Wadachi. Ya wakati wa vita vya wazee. Imejaa zahabu, sasa inavimba.

— Zahabu inavimbaka?

— Ikikaa mu maji miaka mia moja, weye utabakia vile vile? Mere aliisha jua. Njo wanamufunga kinywa na kongé, mpaka waitoshe mu maji.

— Ninyi wote muko nje, akasema Pasta, na sauti yake ilikuwa imeshapanda mimbarini. Angalieni ginsi maji inatembea. Ilikula avenue ya kwanza, Mere akahamisha watu. Ikamufuata. Akawahamisha tena, ikamufuata tena. Maji inatafuta nini? Inatafuta muhuri. Ziwa haina shefu. Inaona muntu moja tu anasema enda, na watu wanaenda. Inamutaka. Siku makumi tatu njo siku leta imeiomba ziwa ifikiri.

— Ziwa itajibu kwa barua? akauliza Mama Émérance.

— Itajibu kwa samaki.

Hata Kinshasa aliona hapo wamefika mbali. Lakini ukweli ni kwamba walikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyokuwa inawapandisha vichwa. Mere atarudi. Walikuwa wamekaa wiki tatu kama watu wenye mgonjwa ndani, kila mmoja akiogopa kusema anachoogopa. Ni Mere aliyekwenda nyumba kwa nyumba ufukweni, maji yakimfika kiunoni, kuwaambia watu watoke, na waliomtukana siku ile ndio leo wanaomwombea. Ni Mere aliyekuja kuketi kwenye benchi hili, akaagiza kahawa, siku watu wa barabara walipotaka kulitupa mtaroni. Alikunywa vikombe vitatu, mpaka wakaondoka. Nani angekuja baada yake? Hilo hakuna aliyetaka kulijua.

— Siku ya makumi tatu na moja tunamupokea, Radio akasema. Natafuta fanfare ya tarumbeta.

— Minye namushonea shati, Kinshasa akasema. Bure.

Mama Émérance alimgeukia. Kinshasa na neno bure hawakuwa wamepata kuonekana pamoja.

Gédéon alirudi kutoka mezani. Hakuketi. Alisimama mbele yao, kikombe kimepoa mkononi, na kwa muda hakuna aliyemwona, mpaka Mama Émérance alipomtazama, na wengine wakafuata macho yake.

— Ile barua niliandika minye, akasema. Mere aliomba kuacha kazi. Minye nikasahau kubadilisha kichwa. Kichwa ilibakia ya kongé. Wakubwa walisoma kichwa tu. Njo maana wakajibu vile. Hakuna waziri. Hakuna zahabu. Kosa ni yangu.

Pikipiki ilipita. Ndani ya shule watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha la saba, wakikosea pale pale wanapokosea kila siku.

— Weye? akasema Radio mwisho. Mashini? Unakosaka?

— Nilikosa.

— Na sababu? akauliza Kinshasa. Aliondoka juu ya nini? Weye uliandika, unajua.

Gédéon aliitazama ile saa ya Meya kichwani mwake, na yule mama aliyenyamaza kulia. Alichoambiwa kwenye kigoda kile hakikuwa chake kukisema.

— Alichoka, akasema.

— Alichoka na nini?

— Alichoka.

— Hapana, sema muzuri. Alichoka na wakubwa wa Bukavu? Na maneno ya siasa?

— Kinshasa, muntu akisema alichoka, alichoka.

Walilipokea neno hilo kama watu waliopewa sahani tupu. Wakaligeuza, wakatafuta kama chini yake kuna kitu. Pasta akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ambayo hawakuwa wameisikia muda mrefu, kama mtu wa leta naye huchoka.

Ni Radio aliyepata njia.

— Bon. Sikiliza, ndugu yangu. Nani anajua kama ulikosa? Sisi. Nani mwingine? Hakuna. Unyamaze. Mere atasoma ile barua saa nane, ataona leta wanamupenda, atalala siku makumi tatu, atapona, atarudi. Kosa yako ni dawa.

— Mungu aliitumia kosa yako, akasema Pasta. Musa naye alikosaka.

— Na ufikiri weye mwenyewe, akaongeza Kinshasa, akamshika mkono. Watu wakisikia Mashini aliharibu barua ya Mere, nani atakuletea ya kwake? Miaka makumi mbili unajenga jina. Utaivunja mu siku moja, na juu ya kumusaidia muntu atukimbie?

Walikuwa wanasema kwa upendo. Ndiyo iliyokuwa shida. Wangemtukana ingekuwa rahisi. Gédéon aliwaona mmoja mmoja, Radio mwenye mgongo uliopinda kwa magunia, Kinshasa mwenye sindano kwenye ukosi wa shati, Pasta asiye na kanisa, na akajua kwamba kila mmoja anamwomba amshikie mlango usifungwe. Na alimjua Meya pia. Meya ni mtu wa kutii karatasi. Akisoma kwamba wakubwa wanamtaka arudi, atarudi. Hatakuja tena kwenye kigoda. Atakaa ofisini, ataangalia saa, mpaka azeeke, na atadhani ndivyo alivyostahili.

— Nitafikiri, akasema, na aliona haya kusema hivyo.

Aliketi. Mama Émérance akammiminia kahawa nyingine bila kuulizwa, na akasahau kumtilia tangawizi.

Hapo ndipo mama mmoja mgeni alipofika. Alikuwa amebeba kikapu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, jinsi wanawake wa milimani wanavyobeba, na viatu alikuwa amevivua akavishika mkononi, miguu ikiwa na udongo mwekundu wa Lemera mpaka vifundoni. Alisalimia watu wote, mmoja mmoja, kabla ya kushusha mzigo. Alisema anaitwa Domitille, na anatafuta mtu wa kuandika barua.

— Njo huyu, akasema Radio, akimwonyesha Gédéon, na sauti yake ilikuwa na onyo ndani. Unataka kuandikia nani, mama?

— Mere.

Benchi zima likasogea mbele.

— Unaomba nini? Kinshasa akauliza. Kama ni kiwanja, barua inaenda kwanza ku kadasta.

— Siombi kiwanja.

— Ni cheti ya kuzaliwa?

— Hapana.

— Basi unashitaki muntu, akasema Pasta.

— Sishitaki muntu. Mama Domitille aliketi juu ya ukingo wa benchi, kwa heshima, kama mgeni anayejua mahali si pake, akaendelea: Nilisikia Mere anaacha kazi. Njo nikasema niteremuke. Mwaka ule wa mafuriko, maji ilibeba dada yangu, huku chini, ku muto ya Mulongwe. Dada yangu Olga. Tulimutafuta siku tatu. Mere alikuya siku ya kwanza, tukafikiri atasema maneno, kiisha aende. Alivua viatu. Alitembea na sisi ku mchanga, mpaka kule mbele, siku tatu. Siku tulimupata, aliikala chini, ku mukeka, na wanawake. Toka asubuhi mpaka jua ikashuka. Alikaa kama muntu hana kazi ingine ku dunia.

Gédéon aliinamisha kichwa. Akashukuru mwavuli kwa kivuli chake.

— Sikumuambiaka kitu, Mama Domitille akaendelea. Wakati ule sikuwa na kinywa. Nikarudia mulimani. Sasa nataka aandikiwe asante. Viazi nilileta, ni vya kwangu, lakini viazi vinaisha. Nataka karatasi. Muandike muzuri, kama munaandikiaka wakubwa.

— Vema, akasema Gédéon. Akaenda mezani, akakaa wima jinsi anavyokaa akiwa kazini, akafungua kompyuta. Wengine wakamfuata, wakasimama nyuma yake na vikombe vyao.

Aliandika mahali na tarehe. Aliandika kwa Bwana Meya. Kisha vidole vikaanza vyenyewe, vikiijua njia: nina heshima ya kuja mbele ya wema wako mkubwa, nikiomba. Akasimama. Akafuta. Akaanza upya: kwa unyenyekevu wote ninakuja kuomba. Akafuta tena.

Mama Domitille alikuwa anatazama skrini asiyoweza kuisoma.

— Kwani barua ya asante inaanzaka namna gani? akauliza.

Gédéon alifungua mdomo. Akamtazama Radio, ambaye daima ana jibu, na Radio akamtazama Kinshasa.

— Mu Kinshasa..., Kinshasa akaanza, na akaishia hapo.

Pasta alitafuta katika makanisa yote matatu. Mama Émérance alikuwa ameshika birika hewani, hamimini. Mama Domitille alingoja bila haraka, jinsi watu wanavyongoja daktari atoke chumbani, akidhani kwamba watu wa mjini wanajikumbusha kidogo tu, sasa hivi watasema.

Hawakusema. Gédéon alipitisha macho kwenye orodha ya mafaili yake, miaka ishirini na miwili ya barua za mji mzima. Nyingi zilikuwa za kwenda kwa Mere: kati ya barua alizopokea mtu yule kwa miaka kumi na moja, mamia zilipita chini ya vidole hivi. Akazitafuta zote kwa macho, na hakuna hata moja ambayo haikuwa na mkono ulionyooshwa.

— Hatujui, mama, akasema. Hatujaandikaka.

— Kwa Mere?

— Kwa muntu yeyote.

Mama Domitille aliwatazama, si kwa lawama, kwa mshangao tu.

— Basi andika ginsi nilisema, akasema. Anza na dada yangu.

Na Gédéon akaandika jinsi alivyosema. Hakutia heshima wala wema mkubwa. Aliandika dada yangu Olga, akaandika mchanga na viatu vilivyovuliwa, akaandika siku tatu. Alipofika kwenye mkeka aliandika polepole, neno kwa neno, kwa sababu alijua nani atakayesoma na neno lipi litamfikia wapi: ulikaa kama mtu asiye na kazi nyingine duniani. Alimsomea Mama Domitille. Akatikisa kichwa kwamba ndivyo.

Alipoichapisha hakuzima printa. Alifungua karatasi nyingine, nyeupe kabisa, bila kufungua faili lolote la zamani, akaanza na kichwa cha barua. Aliandika kwamba barua inahusu kuacha kazi. Alikisoma mara mbili. Wote waliokuwa nyuma yake waliona anachofanya, na aliwasikia wakipumua.

— Mashini, akasema Radio.

— Nasikia.

— Utamuambia ulikosa?

— Nitamuambia. Tutamukuta Kalundu, ku kilio, kabla hajarudia ku buro. Asaini hii, na mama amupe ya kwake kwa mukono.

Alingoja wamzuie. Kama wangemshika mkono tena, hakuwa na hakika angefanya nini, na hilo analikubali mpaka leo akiulizwa. Lakini Radio aliinama, akanyanyua kikapu cha viazi, akakiweka mgongoni mwa Mama Domitille taratibu, akarekebisha kamba kwenye paji lake, yeye ambaye huko bandarini hutupa magunia ya sementi kama mito ya kulalia.

— Pitieni huku chini, akasema. Barabara ya juu imejaa matope.

Wakaondoka, Gédéon mbele na karatasi mbili ndani ya bahasha, Mama Domitille nyuma akiwa amevaa viatu sasa, kwa kuwa anakwenda kwa mkubwa. Benchi likawatazama mpaka walipokata kona.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Mama Émérance aligeuza birika ya kwanza, akageuza ya pili, akamwaga machicha ya kahawa mtaroni. Hiyo ndiyo alama ya siku zote kwamba kila mtu aende zake. Hakuna aliyeinuka.

— Miaka kumi na moja, akasema Kinshasa.

— Njo vile.

— Minye nilimuonaka kila wiki. Kila wiki. Alipitaka pale ku cherehani, ananisalimia.

— Na weye ulimujibuka nini?

Kinshasa alichomoa sindano kwenye ukosi, akaitazama, akairudisha.

— Nilimuambiaka: Mere, umeme haiko.